Mume wangu asema maji ya Tudor ni kama ziwa

BARUA

Kwako Bibi Mshauri,

Asalaam aleikum. Nakuandikia nikiwa nimeketi sakafuni, mgongo nimeuegemeza ukutani, kwani stima imepotea tangu adhuhuri na sakafu ndiyo pahali pekee penye ubaridi nyumbani humu. Mimi ni mwanamke wa miaka 38, mkaazi wa Tudor, mtaa ulio kando ya mkono wa bahari hapa Mombasa, niliyeolewa miaka 16 iliyopita na kujaaliwa watoto watatu: binti wa miaka 14, mvulana wa miaka 11 na kitindamimba wa miaka 4. Mavyaa wangu pia anaishi nasi. Miguu yake haimpeleki mbali tena, na tangu mwaka jana ni mimi ninayemwogesha na kumvisha.

Baba watoto ni karani katika kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini. Ni mtu mwema, na sitaki usome barua hii ukamdhania vingine. Mshahara wake naujua, na jioni akitoka kazini huja moja kwa moja nyumbani. Ila msimu wa upepo wa kaskazi mwaka jana yeye na rafiki zake wawili walinunua mashua ndogo iliyokuwa imelazwa ufuoni miaka mingi hata kaa wakafanya makao ndani yake. Waliitia kalafati, wakaipaka sifa, yale mafuta ya samaki, wakaishonea tanga la marekani, na tangu hapo Jumamosi zetu, na Jumapili nyingi pia, zimekuwa mali ya mashua hiyo.

Swala ya alfajiri ikishaswaliwa, yeye na watoto wakubwa wawili huteremka ufuoni na chupa ya chai, mahamri niliyoyapika usiku na dumu la maji ya kunywa. Nyumbani hubaki mimi, mdogo na bibi yake. Unaijua Mombasa ya Januari na Februari: joto hufika nyuzi 32 au 33, usiku haupoi, feni huzungusha hewa ile ile, na maji ya mfereji yakija huja saa nane za usiku, kwa hivyo ni lazima mtu akeshe akikinga madumu. Jumamosi yangu mimi ni kufua, kupika, kumgeuza mavyaa ili mgongo usimchome, kulowesha leso na kumfunika kitindamimba aliyejaa vipele vya joto, na kumsubiri muuza maji na mkokoteni wake. Saa kumi na mbili jioni hurudi wale watatu, wamebabuka kwa jua, wakicheka vicheko ambavyo mimi sikuwapo vilipoanza. Tanga lenye chumvi huanikwa kwenye ukuta wa roshani, na harufu ya sifa hunifuata mpaka jikoni.

Watoto wameipenda bahari kuliko nilivyotarajia. Binti yangu, ambaye zamani alikuwa hainui uso kwenye simu, sasa anajua kupiga bishi na kushika usukani, na viganja vyake vimeota sugu kwa kamba ya demani. Wifi yangu alipoviona viganja hivyo siku ya kupakana hina, aliuliza mbele ya watu kama tunalea msichana au baharia. Nilicheka pamoja nao, lakini maneno yalinikaa. Mvulana naye amekosa chuo cha Kurani Jumamosi nyingi hata maalimu ameniletea salamu za kuulizia.

Kwetu bahari ina mambo yake. Mjomba wangu, kaka wa pekee wa mamangu, alikuwa ndani ya feri iliyozama Mtongwe mwezi wa Aprili 1994. Nilikuwa na miaka 6. Tangu siku hiyo mamangu hakuturuhusu kuingia majini kupita kifundo cha mguu, na mpaka leo mimi, mzaliwa wa kisiwa, sijui kuogelea. Nikivuka Likoni kwa feri hufumba macho. Mume wangu anayajua haya yote. Kila nikimwambia naogopa, hunijibu kwa upole ule ule: "Mama watoto, hii si bahari. Ndani ya Tudor maji yametulia kama ziwa." Niliamini, au nilijilazimisha kuamini.

Wiki tano zilizopita mvulana alishikwa na homa. Usiku, nilipokuwa nikimkanda kwa kitambaa cha maji, alinishika mkono akaniuliza: "Mama, mtu akiipita Fort Jesus, hapo ni baharini ama bado ni Tudor?" Nilimdadisi polepole, naye akayamwaga yote. Jumamosi moja mwishoni mwa Desemba upepo uliwafia jioni. Mashua ilichukuliwa na maji, wakapita chini ya daraja la Nyali, wakapita Bandari ya Kale, wakaipita Ngome, na nanga walipoitupa, kamba haikufika chini. Baba yao alivuta makasia mpaka mikono ikatoka damu, dada yake akilia kimya kimya, na mwezi mkubwa mviringo ukipanda upande wa Nyali. Wavuvi waliokuwa wakitoka kwenda kuvua, wenye mashua ya mashine, ndio waliowafunga kamba na kuwavuta mpaka ufuoni kwetu. Nilikumbuka usiku huo. Waliingia saa tatu na nusu, na mimi niliambiwa walipitia Lighthouse kula mihogo. Kumbe walipokuwa wakipanda kutoka ufuoni baba yao aliwaambia: "Mama tusimtie wasiwasi."

Sijamwuliza mume wangu mpaka leo. Mtoto nilimwambia asimweleze baba yake kwamba amenieleza, kwa sababu sikutaka agombezwe. Tangu hapo Jumamosi zangu nazipitisha dirishani, na sufuria mbili zimeniungulia mwezi huu.

Kana kwamba hayo hayatoshi, mume wangu sasa anataka tutoe shilingi 70,000 katika akiba tuliyoiweka ya tanki la maji la lita 5,000, ziwe fungu lake la kununua injini ya mtumba ya kufunga nyuma ya mashua. Nilikataa, tukanuniana siku tatu. Mimi nabeba madumu, yeye anunue mashine ya kuchezea?

Je, nimkataze kuwachukua watoto? Nimwambie ninachokijua na hivyo nimsaliti mwanangu aliyeniamini? Ama ninyamaze mpaka kaskazi iishe, mashua ipandishwe juu, na mwakani Mungu ni mkubwa? Nisaidie kufikiri.

Mama wa Tudor


JIBU

Waaleikum salaam, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilizima redio kwanza. Nimeielewa hivi, nawe unisahihishe ninapokosea. Una mume usiyemlalamikia tabia, una watoto wawili waliopata furaha mahali ambapo wewe huwezi kuwafuata, una mama mzee na mtoto mdogo wanaokutegemea katika miezi iliyo migumu kuliko yote hapa kwetu, na una hofu ya maji iliyoingia nyumbani kwenu kwa mlango wa msiba wa kweli. Juu ya hayo umelipata jambo ambalo hukukusudiwa ulijue. Maswali uliyoniuliza yanahusu mashua na siri, lakini ukiisoma tena barua yako utaona kwamba maelezo marefu zaidi umeyatoa kuhusu madumu, leso iliyoloweshwa na vicheko visivyokuwa vyako. Hilo nimeliweka pembeni, tutalirudia.

Kwanza niliseme hili neno "ziwa", maana mumeo amekuwa akikupa kama dawa ya usingizi. Mimi ni mzaliwa wa Mji wa Kale na marehemu babangu alikuwa fundi wa vyombo, kwa hivyo neno hilo nimelisikia tangu utotoni, na halijawahi kunipendeza. Ni kweli kwamba ndani ya Tudor mawimbi ya bahari kuu hayaingii, na asubuhi ukisimama ufuoni unaweza kuyaona maji yamelala kama kioo mpaka kwenye mikoko ya Mikindani. Lakini ziwa halijai na kupwa mara mbili kwa siku. Karibu maji yote yale yanaingia na kutoka kupitia mlango mmoja mwembamba, baina ya Mji wa Kale na Nyali, na siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Hebu fikiria kiasi cha maji kinachopaswa kutoka kwa muda wa saa 6 au karibu na hapo. Tena hao wanaolisifu ziwa kwa utulivu wangewauliza wavuvi wa Ziwa Victoria, ambao dhoruba huwazukia ghafla na kuwapindulia mitumbwi.

Mwanao alikuambia kwamba mwezi ulikuwa mkubwa, mviringo, na ulikuwa ukipanda. Mtoto wa miaka 11 alikupa habari yote bila kujua. Siku za mwezi mpevu hapa Mombasa maji hujaa mnamo saa kumi au saa kumi na moja jioni, halafu huanza kutoka, na kufikia saa moja na saa mbili usiku huwa yanakwenda kwa kasi yake kubwa. Kaskazi nayo mara nyingi ni dhaifu asubuhi, hukaza alasiri, na hulala jua likitua. Kwa hivyo jioni ile upepo uliondoka saa ile ile ambayo maji yalianza kukimbilia nje, nao wakabaki katikati na tanga lililoninginia, nanga yenye kamba fupi na makasia mawili. Siku za maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, kinyume chake, jioni maji huwa yanaingia, tena kwa upole, na chombo kilichokosa upepo hurudishwa ndani. Nakueleza haya kwa sababu moja. Ulipoisikia habari ile, nafikiri uliisikia kwa masikio ya mtoto wa miaka 6 aliyeambiwa kwamba mjomba hatarudi. Watu 272 walikufa siku ile ya tarehe 29 Aprili 1994, na mji huu haujawasahau. Hofu yako si ujinga wala si udhaifu, na asikuambie mtu hivyo. Hata hivyo, jambo lililowapata wanao lilikuwa na saa yake na sababu yake, na linaweza kuzungumzwa kwa maneno ya saa na sababu: mnatoka siku gani ya mwezi, mnarudi saa ngapi, kamba ya nanga ina urefu gani, nani amevaa jaketi la kuokoa maisha na nani anajua kuogelea. Katika barua yako yote sikuona jaketi hata moja likitajwa. Huenda yapo. Huenda hujawahi kuuliza, kwa kuwa kuuliza kungekuwa ni kukiri kwamba si ziwa.

Sasa tuje kwenye siri, ambayo ndiyo iliyonikosesha raha.

Umeniandikia kwamba mumeo aliwaambia watoto wasikutie wasiwasi. Halafu, mistari miwili mbele, umeandika kwamba nawe ulimwambia mtoto asimweleze baba yake. Sijui kama ulizitazama sentensi hizo mbili kwa pamoja. Mvulana wako wa miaka 11 leo anabeba siri ya baba asiyotakiwa kumpa mama, na siri ya mama asiyotakiwa kumpa baba, na dada yake hajui kwamba mdogo wake amesema. Kila mmoja wenu alikusudia wema: baba alitaka kukulinda na wasiwasi, wewe ulitaka kumlinda mtoto na ukali. Lakini anayelala na mizigo yote miwili ni yeye, na ndiyo maana nadhani swali lako la kumsaliti linafaa kugeuzwa kidogo. Je, kunyamaza kunamhifadhi, au kunamwacha zamu ya usiku peke yake?

Ukiamua kusema, kuna hatari, na bora uijue kabla. Mumeo atauliza umeambiwa na nani, hata kama hataliuliza kwa mdomo. Mtoto anaweza kuona kwamba umevunja ahadi. Baadhi ya akina mama ninaowajua huanza na mtoto mwenyewe: humketisha pahali penye utulivu, humwambia kwamba alifanya vizuri kusema, kwamba mama alikosea kumwomba anyamaze, na kwamba sasa jambo hili ni la watu wazima na yeye ameshalitua. Ndipo humwendea baba, si siku ya kurudi kutoka ufuoni na mikono ingali na chumvi, wala si mbele ya mavyaa, ambaye atalazimika kuchagua upande. Pengine ungeanza na jambo ambalo hakuna anayeweza kulikana: "Siku ile mliyorudi saa tatu na nusu, nimejua mlikokuwa. Nataka kusikia kutoka kwako." Kisha umwache aseme. Anaweza kukasirika. Anaweza pia kukaa kimya muda mrefu, na kimya hicho usiharakishe kukijaza wewe.

Ukiamua kutosema mpaka kaskazi iishe, hilo nalo lina gharama zake, ambazo umeshaanza kuzilipa dirishani na jikoni. Na sina hakika kwamba msimu ukiisha jambo litaisha. Kusi itapiga, masika yatanyesha, mashua italazwa, na Desemba itakapofika mtakuwa pale pale mlipoachia, ila binti atakuwa na miaka 15 na wewe utakuwa na mwaka mzima wa kutosema.

Kuhusu nia ya mumeo, umenipa tafsiri moja, kwamba alikuficha. Ni kweli alikuficha. Lakini mtu huficha kwa sababu nyingi, na nisingependa uchague moja kabla ya kumsikia. Yupo anayeficha kwa dharau, akiona mke hahitaji kujua. Yupo anayeficha kwa aibu, kwa kuwa alikuambia mara ishirini kwamba ni ziwa, na jioni moja ziwa likamtoa nje mbele ya watoto wake. Na yupo anayeogopa kwamba akisema atanyang'anywa kitu pekee kinachompumzisha. Wewe umeishi naye miaka 16. Mimi nimemjua kwa kurasa mbili tu.

Hapo ndipo niliposita kwenye habari ya injini. Umeiita mashine ya kuchezea, na ninaelewa, maana pesa ni za tanki na anayekesha na madumu ni wewe. Lakini tazama tarehe. Kaskazi nzima ya kwanza hakutaka injini. Walitosheka na tanga. Ameitaka baada ya Desemba. Sisemi kwamba najua lililo moyoni mwake, ila inawezekana mumeo amekuwa akijaribu kukuambia kilichotokea kwa lugha ya shilingi 70,000, kwa kuwa ya maneno imemshinda, na wewe ukaisikia kama ubinafsi. Inawezekana pia si hivyo, ni mtu aliyependa mashine tu. Vyovyote iwavyo, mlinuniana siku tatu juu ya injini huku kila mmoja akijua jambo ambalo mwenzake hajui kwamba analijua. Mazungumzo hayo huenda yakawa mengine kabisa siku mtakapoyarudia mkiwa na habari ileile mezani. Na tanki lisiondoke mezani hapo: lita 5,000 si anasa katika nyumba yenye mgonjwa.

Uliuliza pia kama uwakataze watoto. Una haki ya kusema, wewe ni mama yao. Ila jiulize utakuwa umekataza nini hasa. Binti yako ameinua uso kutoka kwenye simu na amejifunza kazi ambayo babu zake waliiheshimu. Ukimwondoa ghafla, bila kumweleza kwamba unajua yaliyompata, atadhani ameadhibiwa kwa maneno ya shangazi yake juu ya viganja. Halafu mtoto aliyeonja maji hupata njia nyingine ya kuyafuata, pengine na wasimamizi walio wabaya kuliko baba yake. Upande wa pili, watoto waliokaribia kupotea wanastahili mtu mzima wa kusema "mpaka hapa". Wapo wazazi ambao wangesimamisha safari kwa muda, mpaka mambo fulani yapatikane, na wakayataja mambo hayo waziwazi ili ionekane wanadai usalama, si kisasi. Hatari yake ni wewe kugeuka askari wa ufuo, wa kukagua jaketi na kamba kila Jumamosi, na hiyo ni kazi nyingine juu ya zile ulizonazo.

Binti yako ana lake pia. Alilia kimya kimya mashuani na hajakuambia. Pengine anaogopa kurudi baharini na hana pa kulisema hilo, au pengine kinyume chake, anaona akisema hatapelekwa tena. Mtengee saa moja peke yake, hata kama ni kwa kumpaka mafuta ya nazi viganjani. Haya ya wifi yako mimi ningeyaacha yapite. Siku ya hina watu husema mengi. Na ya chuo yana njia rahisi: asubuhi upepo ni dhaifu hata hivyo, na mashua inaweza kumngoja mtoto amalize kusoma.

Nilisema tutarudi kwenye vicheko. Mwanangu, kama mashua hiyo ingekuwa na injini mbili, jaketi kumi na nahodha wa jahazi la Lamu, na hao watatu wangekuwa wakirudi kila Jumamosi saa kumi kamili, je, ungelala vizuri? Jibu unalo wewe. Mimi nimeona tu kwamba mavyaa wako ni mama wa mumeo, na katika barua yako hakuna Jumamosi hata moja ambayo mwanawe amemgeuza mgongo au kumsubiri muuza maji. Umewahi kumwomba, au ulidhani ingekuwa aibu mwanamume kuombwa? Si lazima awe yeye wa kumwogesha. Wapo dada zake, akiwemo huyo mwenye ulimi mwepesi, na yapo malipo madogo ambayo jirani mwema angeyapokea kwa siku moja. Yapo mambo mengi kati ya kuipiga mashua marufuku na kubaki nayo kama ilivyo: Jumamosi moja majini na moja nyumbani, au siku ambayo wewe ndiye unayetoka, uende Lighthouse ukale hiyo mihogo uliyosingiziwa, na wao wakinge madumu. Usitarajie kwamba atalipokea mara moja. Aliyezoea kuondoka alfajiri huona kugawana siku ni kupokonywa.

Kuna uwezekano mmoja ambao hukuutaja, nami nautaja kwa tahadhari: kwenda nao. Sikushauri upande chombo ili kuwachunga, kwa kuwa mtu mwenye hofu ndani ya mashua ndogo huwa hatari kwake na kwa wenzake. Lakini zipo asubuhi za maji mafu, upepo mwanana, ambapo mashua huweza kwenda na kurudi hapo karibu kwa nusu saa bila kuliona daraja la Nyali. Wapo pia wanawake wa umri wako na wa umri wangu waliojifunza kuogelea ukubwani, wakiwa na mavazi yao ya heshima na mwalimu wa kike, wakianza na maji ya kiunoni. Wengine walijaribu wakagundua kwamba hofu haikuondoka, wakaacha, na hakuna aliyewacheka. Mamangu mwenyewe, mke wa fundi wa vyombo, hakupanda hata kimoja mpaka anazikwa.

Iwapo mazungumzo ya wewe na mumeo yatakwama, wale rafiki zake wawili wana hisa katika mashua na huenda nao wana wake wasiojua habari ya Desemba. Kuwahusisha kunaweza kusaidia. Kunaweza pia kumfanya mumeo ajione ameanikwa kama lile tanga la roshani, kwa hivyo lipime.

Niandikie tena, hata kama ni kuniambia kwamba nimeielewa vibaya habari ya injini. Na siku utakapoteremka ufuoni, hata kama ni kuketi tu kivulini na kitindamimba ukiwatazama wakilipandisha tanga, vaa viatu vya mpira. Mawe ya kule chini yamejaa chaza, nao hukata mguu kama wembe.

Bibi Mshauri